Tofi Bila Punje ya Sukari

Juzi mjukuu wangu mmoja, mwalimu wa mapishi, aliniambia mbele ya wageni kwamba tofi haiwezi kupikwa bila sukari. Kasoma kitabuni. Sikumjibu papo hapo kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa tofi, na tofi ile haikuwa na sukari hata punje. Nilimaliza kutafuna kwanza. Kisha nikamwambia aingie jikoni kwangu aitafute hiyo sukari popote anapotaka, hata mvunguni mwa kitanda. Akarudi mikono mitupu. "Bibi, umeificha," akasema.

Maneno hayo niliambiwa mara ya kwanza na mwanamke wa Kizungu, hapo Kiomboi, wakati wa ile vita kubwa ya pili. Sikuyapenda wakati ule na siyapendi sasa.

Kwa hiyo sikilizeni, ninyi mnaomenya tofi za kiwandani na kutupa karatasi zake uani kwangu. Nimepika tofi tangu nikiwa mama wa mtoto mmoja mpaka leo ninapobeba vitukuu. Nimepikia Krismasi, nimepikia Idi, nimepikia harusi za watu ambao ndoa zao zilivunjika tofi ikiwa bado kibuyuni. Ile miaka ya foleni za sukari kwenye duka la ushirika, watu wazima wanasukumana mlangoni tangu alfajiri, mimi nilikuwa nimekaa zangu nyumbani nakoroga. Sijisifu. Au tuseme najisifu, maana nina haki.

Jambo la kwanza ni moto. Asali inaungua upesi kuliko sukari, na ikiungua inakuwa chungu kama shubiri, huwezi kuirudisha. Usitumie kuni za mgunga, zinawaka kwa hasira. Tumia magunzi ya mahindi, uyachochee moja moja. Ukiona umechoka kukaa hapo mafigani, ujue tofi nayo bado haijachoka. Mwanamke mwenye haraka akapike ugali.

Jambo la pili ni kikombe cha bati chenye maji baridi. Hilo nilifundishwa na Mzee Athumani, na lazima niwaambie alikuwa nani, kwa sababu bila yeye ningekuwa nimefungwa.

Mzee Athumani alikuwa mpishi katika nyumba ya Bwana Mifugo, yule Mzungu aliyesimamia ng'ombe wa wilaya nzima. Mpishi huyu alikuwa Mnyaturu wa Mtinko, Mwislamu wa swala tano, mfupi, na mkali kwa maneno. Moshi wa miaka ishirini ulikuwa umemla macho. Hakuwa kipofu, lakini kwake rangi ya kahawia na rangi nyeusi zilikuwa zimeshakuwa ndugu. Na katika tofi, safari ya kutoka kahawia kwenda nyeusi ni ya kupiga chafya mara moja tu. Memsahibu, mke wa Bwana Mifugo, hakulijua hilo, na angelijua angemfukuza siku hiyo hiyo. Basi mzee akajifunza kupika kwa sikio.

Unachota tone kwa ncha ya mwiko, unalidondosha kwenye maji ya kikombe. Unasubiri pumzi tatu. Unakitikisa kikombe karibu na sikio. Ukisikia kimya, bado. Ukisikia sauti nzito, kama kokoto iliyofungwa kitambaa, imekaribia. Likigonga bati kwa sauti kavu, epua. Epua hapo hapo, hata mtu akipiga hodi usimjibu. Siku ya kwanza alinipa kikombe nisikilize, nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Ninyi Wanyiramba mnasikia ngoma tu." Sikukasirika kwa sababu alikuwa mtani wangu na mkubwa wangu, lakini tangu siku hiyo nilisikiliza mpaka masikio yakauma.

Na msionje kwa kidole. Mimi nilionja. Kovu hili hapa kwenye kidole cha shahada ni la siku hiyo. Mzee alinitazama nikirukaruka, akasema, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Halafu akakichukua kidole changu akakipaka samli taratibu, akikipuliza, na pole hakusema mpaka mwisho.

Mimi pale nilikuwa dobi. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa nchi ambayo hatukujua hata iko upande gani wa jua. Nilimwacha binti yangu Tabitha kwa mama yangu Ulemo, nikaenda Kiomboi kufua mashuka ya watu. Nyumbani nilikuwa narudi mara moja kwa wiki mbili, kwa miguu. Jikoni niliingia kwa sababu Mzee Athumani alihitaji macho. Alianza kuniita nikitoka kuanika: "Mama Tabitha, hebu njoo uniambie hii ina rangi gani." Baada ya miezi michache nilikuwa naanika nguo asubuhi na kupika mchana, kwa mshahara wa kuanika.

Sukari siku zile ilikuwa kwa kadi, kwa ajili ya vita. Wazungu walikuwa na fungu lao, wenye maduka nao lao. Sisi tulielezwa kwamba Mwafrika hajazoea sukari, kwa hiyo hataumia akiikosa. Karani aliyetuambia alicheka, na sisi tukacheka kwa kuwa yeye alicheka. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza nilikuwa nacheka nini.

Krismasi ya kwanza ya kazi yangu, ilipikwa tofi kwa ajili ya watoto wa Wazungu waliokuwa wanakusanyika pale kwa sikukuu. Memsahibu alisimama mlangoni na kitabu, Mzee Athumani akapika, mimi nikawa macho yake. Jioni nikaosha sinia. Kwenye kona ya sinia nikakuta kipande kimegandia, kinalingana na ukucha wa dole gumba. Nikakibandua, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikatembea nacho mpaka Ulemo.

Tabitha alikuwa na miaka mitano. Nilidhani atakila. Yeye akawaita wenzake, watoto wa ndugu zangu na wa majirani ambao baba zao nao walikuwa vitani, wakawa saba pamoja naye. Wakakaa mstari nyuma ya zizi. Wa kwanza aliweka kipande mdomoni, wakahesabu wote pamoja mpaka kumi, akakitoa, akampa anayefuata. Wakahesabu tena. Kilipofika kwa wa saba kilikuwa kama punje ya mtama, naye akakimeza kwa bahati mbaya, wakampiga.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pembe ya nyumba nikiwaangalia. Sikulia, nilikasirika. Nikajiapiza pale pale kwamba Krismasi ijayo kila mtoto wa pale nyumbani atakuwa na tofi yake, nzima, ya kutafuna mpaka meno yamuume. Nikamwambia Tabitha hivyo hivyo. Na mtoto ukishamwambia neno, limekwisha kuwa deni la mdomo wako, usitafute pa kutokea.

Nilimweleza Mzee Athumani. Akaniuliza sukari nitaitoa wapi.

"Nina asali," nikamwambia. "Kaka yangu Mkumbo ana mizinga porini."

"Asali si sukari."

"Ndiyo sababu naweza kuipata."

Akacheka, lakini akatikisa kichwa. Alisema ameshajaribu tangu ujana wake, kila Idi. Ukichanganya asali na maziwa motoni, maziwa yanakatika, unapata mtindi wenye hasira. Nikamwambia nitajaribu hata hivyo. "Jaribu," akasema, "ila usitumie sufuria ya memsahibu. Ikiungua mimi ndiye nitakayeitwa."

Sasa makosa yangu, na msicheke kabla sijamaliza. Kaka yangu aliposikia asali ni ya kupikia watoto wa askari, aliona aibu kunipa asali ya kawaida. Akaniletea ile ya nyuki wadogo, ile tunayowapa wagonjwa wa kifua na mama aliyetoka kujifungua. Ni heshima kubwa kupewa asali hiyo. Lakini ni nyepesi, ina maji na uchachu, haifai kwa tofi kabisa. Niliichemsha Jumapili nzima nyuma ya nyumba za watumishi. Haikuganda siku ile, haikuganda kesho yake. Siku ya tatu Mzee Athumani alikuja akatumbukiza kijiti, akakiinua, uzi ukamfuata mpaka mlangoni. "Hii," akasema, "tuwape mafundi viatu."

Kwa hiyo tumieni asali ya nyuki wakubwa, ile nzito, iliyovunwa wakati wa kiangazi, inayoanguka kwenye kijiko kwa uvivu. Hiyo ya wadogo wekeni kwa ajili ya kikohozi.

Nilipopata asali nzito, maziwa yakakatika, kama mzee alivyosema. Nikajaribu kumimina polepole, yakakatika. Nikajaribu maziwa yaliyochemshwa kwanza, yakakatika. Wiki mbili tatu nikawa nakula mabonge matamu ambayo hata mbwa wa jirani aliyakataa. Kaka yangu alianza kuuliza asali inakwenda wapi.

Halafu ikaja Jumapili ya magadi. Katika chumba changu nilikuwa na makopo mawili yanayofanana, moja la chumvi na moja la magadi ya kupikia mlenda. Kitabu cha memsahibu kilisema tofi iwekwe chumvi kidogo, nami nilikuwa naiweka. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikachukua kopo bila kutazama, nikatia. Sufuria ikafura. Povu likapanda mpaka ukingoni, likamwagikia magunzi, moto ukalia, nami nikashika mwiko nikikoroga huku najitukana kwa Kinyiramba na Kiswahili. Ndipo nikaona maziwa hayajakatika. Yalikuwa yametulia ndani ya asali, laini, na rangi inageuka kahawia nzuri ambayo sikuwahi kuiona.

Mzee Athumani alikuja mbio kwa ajili ya harufu. Nikadondosha tone, nikampa kikombe. Akakitikisa sikioni. Akakitikisa tena. Nilisikia mwenyewe bati likigonga.

"Nani amekufundisha kutia magadi?"

"Hakuna. Nimekosea kopo."

"Basi kosea tena hivyo hivyo," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Miaka yote hiyo mimi nakosea kwa kupatia."

Mtu aliyenichoma kwa maneno mwaka mzima alikaa chini kwenye jiwe akatafuna kipande mpaka kikaisha. Nilijisikia mkubwa kuliko kilima cha Kiomboi.

Ilibaki mvua. Krismasi huku kwetu ni msimu wa mvua za kupandia, hewa yote ina maji, na tofi ya asali inayanywa maji hayo. Ukiiacha wazi, kesho yake inatokwa jasho, kesho kutwa imeshikana yote bonge moja. Dawa yake ni unga wa uwele uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa. Viringisha kila kipande kwenye unga huo, kifunge kwa ganda kavu la hindi, tia kibuyuni, ziba mdomo kwa nta. Nimewahi kufungua kibuyu changu baada ya mvua za miezi miwili, tofi ikavunjika kwa sauti.

Basi wiki ya Krismasi ikafika. Nilikuwa nimebakiwa na kibuyu kimoja cha asali, cha kupika mara moja tu, na Mkumbo alishaniambia nyingine ni mpaka kiangazi. Nilikuwa nimepika kidogo sana ya majaribio, vipande vitano, nikavifunga maganda ya hindi, nikaviweka dirishani mwa jiko vipoe. Hilo lilikuwa kosa. Memsahibu alipita, akafungua kimoja, akala. Akala cha pili. Halafu akaenda stoo moja kwa moja, akamwambia mzee afungue aangalie sukari yake, akakuta imepungua sana.

Aliniita mimi na Mzee Athumani mlangoni. Bwana Mifugo hakuwepo, alikuwa safarini upande wa Mkalama tangu wiki iliyopita.

"Wewe nakwiba sukari," akaniambia.

"Sijaiba, memsahibu. Hii ni asali."

"Asali hapana fanya hii. Kitabu nasema sukari. Wewe nakwiba na naficha."

Nilihisi uso wangu unawaka. Mimi nilikuwa nimefua nguo zake za ndani mwaka mzima na nusu, nikimrudishia hata vifungo vilivyokatika, na sasa naitwa mwizi mbele ya mtunza bustani na mtu wa kuni. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Athumani akasogea mbele yangu.

"Memsahibu, ufunguo wa stoo uko shingoni mwangu," akasema. "Kama sukari imeibwa, mimi ndiye niliyeiba. Anza na mimi."

"Basi nyinyi wawili. Kesho askari nakuja, nyinyi nakwenda boma."

Mzee alikuwa na wake wawili na watoto Mtinko waliokula kwa mikono yake. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba huyu dobi anaingia jikoni kila siku, na yote yangekwisha kwangu. Hakulisema.

Nikasema, "Memsahibu, leta kiti. Nitapika hapa, mbele yako."

Mzee akaninong'oneza, "Asali unayo ya mara moja."

"Najua."

"Na watoto?"

"Nimesema najua, mzee."

Memsahibu akaleta kiti kweli. Nadhani alitaka kuniona nikiaibika. Nilimwomba mzee ampe ufunguo wa stoo aushike mwenyewe mkononi. Nikakung'uta kanga yangu, nikakunja mikono ya gauni, nikageuza na mfuko wa aproni ya jikoni. Nikapasua nta ya kibuyu mbele yake, nikamwonyesha asali, nikamwonyesha maziwa na samli ya ng'ombe wa mama yangu, nilivyoletewa na kaka asubuhi ile. Kopo la magadi sikumwonyesha, nilikuwa na kidogo kati ya vidole viwili tangu mwanzo. Ile ilikuwa siri ya jasho langu, na yeye hakuniuliza chochote isipokuwa sukari.

Nikawasha magunzi. Asali ikachemka, nikaengua povu. Nikamimina maziwa na magadi kwa pamoja, sufuria ikapanda, memsahibu akasogeza kiti nyuma. Nikakoroga upande mmoja, mkono wa kulia, bila kubadilisha. Mtunza bustani na mtu wa kuni walikuwa wamesimama nje ya dirisha. Nikatia samli. Nikadondosha tone, nikampa Mzee Athumani kikombe. Akakitikisa, akatikisa kichwa: bado. Mara ya pili: bado. Nikaanza kusikia harufu ile ya karibu na kuungua, nikamtazama, naye amefumba macho kama mtu aliye kwenye sala. Mara ya tatu bati likagonga.

"Epua," akasema.

Nikaimwaga kwenye sinia lililopakwa samli, nikaikata kwa kisu kabla haijapoa. Nikampa memsahibu kipande cha katikati. Alitafuna muda mrefu. Tulisikia meno yake.

"Hii nzuri," akasema. Ni hilo tu. Hakusema nimekosea, hakusema nilikusingizia. Neno lenyewe la samahani ni dogo, hata mtoto analibeba. Akanyanyuka, akaonyesha sinia. "Weka hapa mezani. Kesho wageni nakuja."

"Memsahibu, hii ni ya watoto wa nyumbani kwetu."

"Kila kitu napikwa jiko yangu, hiyo yangu."

Hapo, wajukuu zangu, kitu fulani ndani yangu kilikaa sawasawa. Hasira iliondoka, nikawa mtulivu kabisa. Nilimwambia, "Sufuria ni yako, memsahibu, nitaiosha. Magunzi ni yako, nitakuletea mengine. Asali ni ya kaka yangu, maziwa ni ya mama yangu na mikono ni yangu." Nikaiosha sufuria, kweli, nikaifuta, nikaigeuza mahali pake. Nikajitwisha sinia kichwani, mzee angelirudisha.

"Wewe nakwenda, hapana rudi," akasema.

"Ndiyo, memsahibu."

Mzee Athumani alinifuata mpaka kwenye ua na kibuyu kitupu, donge la nta, mfuko wa unga wa uwele na furushi la maganda ya mahindi. Tukakaa chini kwenye nyasi tukafunga tofi moja moja, yeye anaviringisha, mimi nafunga, wingu jeusi linakuja juu yetu. Aliniambia, "Wewe mwanamke ni mjinga." Nikamwambia amenifundisha yeye. Hakuacha kazi, na msimlaumu. Mtu mwenye macho kama yake asingepata jiko lingine.

Nitangulie kidogo ili msiniulize. Siku tatu baadaye Bwana Mifugo alirudi kutoka safarini, na ndani ya sanduku lake la vyombo ilikuwemo sukari. Aliibeba mwenyewe ile siku ya kuondoka, kwa ufunguo wake mwingine, akasahau kumwambia mkewe. Mzee aliniletea habari hiyo. Askari hawakuitwa tena. Mimi nilisubiri neno, na neno likaja mwezi wa pili kwa mdomo wa tarishi: memsahibu anasema rudi kazini, na anauliza ile tofi inapikwaje. Samahani haikuwemo. Nikamwambia tarishi, "Kazi sitaki. Na tofi mwambie ni asali, maziwa na samli." Magadi sikuyataja. Mzee Athumani aliniambia maziwa yalikatika mara tatu, na mara ya tatu sufuria ilitupwa nje ya dirisha. Mchungaji wetu aliposikia aliniambia ni dhambi, nitubu. Nikamjibu nitaitubu yangu siku yule atakapoitubu yake. Mchungaji amekufa, memsahibu sijui, na mimi bado sijatubu.

Lakini ninyi nawapa yote. Vikombe viwili vya asali nzito, kikombe kimoja cha maziwa mabichi, vijiko vitatu vya samli, na magadi yale tu yanayokaa kati ya vidole viwili. Mtu akiwaambia haiwezekani, msibishane naye. Mpeni kiti.

Sasa nirudi barabarani. Mvua ilinikuta njiani, mvua ya kweli, njia ikawa mto. Nilikikumbatia kibuyu chini ya kanga, nta yake kifuani kwangu, nikawa natembea nimeinama ili maji yaishie mgongoni. Niliteleza mara mbili na mara zote mbili nilianguka kwa makalio, kibuyu kikiwa juu. Njia nzima nilikuwa naogopa jambo moja tu, kwamba nitakifungua na kukuta bonge. Kazi sikuiwaza. Mume wangu alikuwa vitani, mshahara umekatika, na mimi nawaza unga wa uwele.

Nilifika Ulemo asubuhi ya sikukuu, baada ya kulala kwa watu njiani, watoto wametoka kanisani. Mama aliniona nilivyolowa tope akashika kichwa. Sikumsalimia hata shikamoo, Mungu anisamehe. Nikavunja nta kwa meno, nikatia mkono, nikatoa kipande, nikakivunja. Kikalia.

Niliwapanga nyuma ya zizi, pale pale. Safari hii hawakuwa saba, habari ilikuwa imetangulia, walikuwa zaidi ya ishirini. Nikapita na kibuyu, kila mmoja mkononi mwake, kila mmoja nzima. Walimenya maganda polepole, wakaweka midomoni.

Na kisha nikasikia wanahesabu. Moja, mbili, tatu, wote pamoja, midomo imejaa. Walipofika kumi, Tabitha akaitoa tofi yake, inang'aa mate, akamnyooshea mtoto aliyekaa karibu naye. Yule naye alikuwa amekwisha kuitoa ya kwake, anamnyooshea mwenzake.

Nikapiga magoti kwenye tope mbele ya mwanangu. Nikaushika mkono wake, nikaurudisha mdomoni kwake.

"Hiyo ni yako," nikamwambia. "Hakuna anayefuata."

Akanitazama, shavu limevimba. "Yote?"

"Yote, mama. Tafuna."